Nani Anashika Kipanya?



Mwaka juzi wakati wa likizo niliketi karibu siku nzima kwenye benchi la steshenari moja hapa Lushoto mjini. Nilikuwa nimemsindikiza binti wa shangazi yangu, aliyeshuka na gari la alfajiri kutoka upande wa Mlalo ili aombe mkopo wa elimu ya juu. Kijana wa steshenari alimuuliza jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne na jina la mama. Akaandika yeye, akabonyeza yeye, akamfungulia barua pepe, na hata neno la siri akalichagua yeye. Binti alitoa hela, akapokea karatasi. Hakugusa kitufe hata kimoja. Miezi michache baadaye, akiwa mwaka wa kwanza, alinipigia simu: "Frateri, wanasema niingie kwenye akaunti yangu, na mimi neno la siri silijui."

Tumezoea kusema kwamba vijana wa leo ni kizazi cha mtandao. Ana simu janja, ana bando, basi anajua. Hapo tunachanganya mambo mawili: kuwa na chombo na kuwa na ujuzi wa kukitumia. Mwanasosholojia Eszter Hargittai aliliandikia jambo hili mwaka 2002, akaliita pengo la ngazi ya pili. Baadaye aliwachunguza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago. Hao walikuwa vijana waliokulia kwenye intaneti, lakini wale ambao wazazi wao wamesoma zaidi walionyesha ujuzi mkubwa kuliko wenzao. Ikiwa ni hivyo Chicago, sembuse huku kwetu Rangwi na Mtae, ambako mgongo mmoja wa mlima ukikaa kati yako na mnara, mtandao unautafuta juu ya jiwe?

Kwetu pengo linaanza kabla ya chuo. Somo la kompyuta halikuwa la lazima sekondari, kwa hiyo aliyesoma shule isiyo na maabara anaweza kumaliza kidato cha sita bila kushika kipanya. Kisha, ghafla, kila mlango unafunguliwa kwa mtandao. Maombi ya Bodi ya Mikopo hufanyika mtandaoni, na cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA mtandaoni pia. Yatima anaongezewa hatua nyingine, kwa kuwa cheti cha kifo cha mzazi nacho lazima kihakikiwe. Tazama jinsi lilivyo: mhitaji zaidi ndiye anayedaiwa hatua nyingi zaidi za kidijitali, na ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kuzifanya kwa mkono wake. Steshenari inamwokoa siku ile, lakini inamwacha alivyokuwa. (Simlaumu yule kijana. Siku hiyo alikuwa na foleni ya watu kumi na tano na umeme ulikatika mara mbili.)

Simu nayo haitoshi. Inamfundisha mtu kutuma ujumbe, kutazama video na kupokea hela. Utafiti wa mwaka wa tatu unadai majedwali, hesabu za takwimu, kutafuta makala maktabani na kupanga kurasa sitini zisivurugike. Hapa Lushoto tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na Mahakama ya Tanzania siku hizi hupokea mashauri kwa mtandao. Mhitimu asiyeweza kupakia nyaraka atarudi kumlipa mtu wa steshenari, safari hii akiwa amevaa suti.

Sasa kwa nini binti aachwe nyuma kuliko kaka yake, hali wamekula chungu kimoja? Wapo wenzangu wanaosema wasichana hawapendi mashine. Hoja hiyo naiona dhaifu. Pita sokoni uhesabu akina mama na mabinti walio mawakala wa fedha za simu. Wanatuma, wanatoa, wanafunga hesabu jioni, na hakuna anayewaambia kwamba hawawezi. Tofauti ninayoiona mimi ni muda. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema tunajifunza kujenga kwa kujenga na kupiga kinubi kwa kukipiga. Baada ya shule mimi nilikuwa huru kuzubaa kwenye kibanda cha fundi simu, nikiharibu na kutengeneza. Dada zangu walikuwa kwenye kuni, maji na jikoni, na siku ya gulio walibeba kabichi. Nilipoingia seminari ndogo nikapewa tena chumba cha kompyuta na saa za kukitumia. Ujuzi wangu una historia, na sehemu kubwa yake ni kuni ambazo sikuzibeba.

Chuoni mtindo ule ule unaendelea kwenye kazi za vikundi. Kaka mwenye kompyuta mpakato anachapa, akina dada wanaandika kwa mkono na kukusanya hela ya kuprinti. Kikundi kinapata A, na A hiyo inaandikwa kwa kila mmoja, hata kwa yule ambaye hakufungua faili. Kwa hiyo matokeo yenyewe yanalificha pengo. Chumba cha kompyuta chenye nafasi usiku hakimsaidii sana binti anayeogopa njia ya kurudi hosteli, wala msaada wenye masharti yasiyosemeka.

Kuna kitu kingine kilichonishangaza. Mwaka 2006 Hargittai na Steven Shafer walichapisha utafiti ambamo watu wazima waliwekwa mbele ya kompyuta na kupewa kazi za kutafuta. Wanaume na wanawake hawakutofautiana sana katika kutenda, lakini wanawake walijipima chini. Anayejiona hajui hajaribu, na asiyejaribu kweli hatajua. Ndiyo maana naona mpango kama Apps and Girls, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, umegusa penyewe: wasichana wanakaa wao mbele ya mashine, na wakikosea hakuna wa kuwapokonya.

Binti wa shangazi alirudi likizo ya Krismasi. Tulikwenda steshenari, neno lake la siri lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la kaunta, pamoja na ya wateja wengine kurasa nzima. Tukalipia saa moja ya kompyuta. "Kaka, nifanyie tu, mimi sijui kabisa," alisema. Nikakaa na mikono yangu mapajani, na kwa kweli ilikuwa vigumu, maana alikuwa polepole na saa inalipiwa. Alikosea mara tatu, akapata sehemu ya kubadili. Ilipofika pa kuandika neno jipya, akasimamisha vidole.

"Frateri, geukia kule."

Nikageuka.