Damu Iganadapo Mguuni

Mtu aliyelala kitandani siku nyingi baada ya kupasuliwa, au mama aliyejifungua karibuni, huenda akaona mguu mmoja umevimba, na shavu la mguu lina joto na linauma. Asidhani ni uchovu tu, wala asikubali kukandwa. Yamkini damu imeganda katika mishipa iirudishayo moyoni.

Donge likiwa chini ya goti, na maumivu si makali, daktari aweza kungoja. Lakini kungoja huko si kukaa bure. Mguu hupimwa tena kwa altrasaundi baada ya juma 1, na tena baada ya majuma 2, kwa maana hatari yenyewe ni donge kupanda kupita goti, kisha kipande kikatike na kuziba mishipa ya mapafu. Likipanda, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa muda usiopungua miezi 3. Warfarini, mojawapo ya dawa hizo, iliuzwa kwanza Marekani mwaka wa 1948 kuwa sumu ya panya, ambao hufa kwa kuvuja damu! Ndiyo sababu aitumiaye hupimwa damu mara kwa mara, wala hanywi aspirini kwa shauri lake mwenyewe.

Mgonjwa akishindwa ghafula kuvuta pumzi, au akikohoa damu, apelekwe hospitali saa ile ile.