Adabu na Adhabu katika Shamba la Shule

Katika Kiswahili maneno adabu na adhabu hutenganishwa na sauti moja tu. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini mashina yake ni mbalimbali: la kwanza lahusu malezi na mwenendo mwema, la pili lahusu mateso. Hata hivyo matumizi ya kila siku yameyasogeza karibu. Mtu asemapo kwamba atamtia mtoto adabu, aghalabu wasikiao hufahamu kwamba mtoto atapigwa; na kitenzi kuadibu, ambacho ni kufunza mwenendo mwema, hutumika pia kwa maana ya kumrudi mkosaji. Mkaribiano huo hauna madhara katika kamusi, lakini una madhara makubwa shuleni, hasa pale maadili yanapofundishwa nje ya darasa kwa kazi ya mikono.

Kufundisha maadili nje ya darasa si jambo geni. Funda, funza, fundisha na fundi ni maneno ya jamaa moja. Fundi seremala hakupata ujuzi wake kwa kusomewa. Alikaa kando ya mkubwa wake, akashika randa, akakosea, akasahihishwa. Vivyo hivyo mwali alifundwa na kungwi wake katika unyago, na mvulana wa jando alifundwa pamoja na rika lake. Huko heshima, uvumilivu na ushirika havikuwa maneno ya kukaririwa, bali masharti ya kuishi pamoja. Shule za wakati wa ukoloni nazo zilikuwa na bustani, lakini mtihani ulipima kitabu, na kilichopimwa ndicho kilichothaminiwa.

Jaribio kubwa la kuunganisha tena kitabu na kazi katika Tanzania lilianza mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, na mwezi Machi Rais Julius Nyerere, aliyepata kuwa mwalimu Tabora na Pugu, alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Humo aliilaumu elimu iliyorithiwa kwa kuwa iliwachagua wachache, iliwatenga wanafunzi na jamii yao, na iliwafanya wadhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, ijipatie sehemu ya mahitaji yake. Lakini shamba halikukusudiwa kuwa njia ya kupata chakula tu. Wanafunzi walitakiwa washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao, wajifunze kutokana na kazi yenyewe, na waone kwamba kazi njema huwaletea faida wao na kazi mbovu huwaletea hasara wao.

Muundo wa neno lenyewe waeleza kusudi hilo. Kutegemea ni kupata msaada kwa mtu au kwa kitu. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Basi ajitegemeaye ndiye atendaye, na ndiye apataye matokeo ya tendo lake. Mwalimu mkuu akiamua peke yake, wanafunzi wakalima, na mavuno yakauzwa bila wao kujua bei, ile -ji- imekwisha toweka. Wanafunzi hao wanategemewa, hawajitegemei.

Katika miaka iliyofuata mashamba ya shule yalienea, lakini kusudi hilo halikuenea kwa kadiri ile ile. Sababu moja ilikuwa mtihani. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na mzazi aliyemwona mwanawe ameshika jembe aliona nafasi hiyo yapotea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kulitatua jambo hilo kwa kutaka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani. Sababu ya pili ilikuwa ndani ya shule zenyewe. Katika shule nyingi aliyechelewa mchakamchaka alipimiwa sehemu ya kulima, na aliyepiga kelele darasani alitumwa kung'oa visiki. Asubuhi shamba lilikuwa mahali pa kulipia makosa. Mchana wa siku ile ile liliitwa somo la kujitegemea. Mtoto hawezi kulitenga jembe la adabu na jembe la adhabu, kwa kuwa mpini ni mmoja. Hujifunza kwamba kilimo ni malipo ya kosa, naye amalizapo shule hukiepuka.

Mfano mdogo wa bustani ya mchicha watosha kuonyesha njia nyingine. Darasa moja lapewa matuta 10. Matano yatiwa samadi, matano hayatiwi, na wanafunzi waandika tofauti wanayoiona. Kumwagilia hufanywa kwa zamu. Wa zamu asipofika, mchicha wanyauka, na wenzake humwuliza kabla mwalimu hajasema neno. Siku ya kuuza, daftari la mapato lasomwa mbele ya wote, na wote wajadiliana kama fedha zinunue mpira au mbegu. Hapo uwajibikaji umefundishwa na tuta lililokauka, na uaminifu umefundishwa na daftari lililo wazi. Mwalimu naye ana tuta lake, ili isidhaniwe kuwa elimu ni ngazi ya kulikimbia jembe. Kosa la darasani lina njia zake za kurekebishwa, lakini halipelekwi bustanini.

Kipimo hicho hicho chafaa kwa michezo, ngoma na usafi wa shule. Hapana budi kuuliza ni nani aliyeamua, ni nani afanyaye, ni nani aonaye hesabu, na ni nani apataye matunda. Jibu la maswali hayo likiwa ni wanafunzi, maadili yatafunzwa hata yasipotajwa. Likiwa ni wengine, hotuba nyingi hazitafaa kitu.

Methali yasema, samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi husemwa na mwenye fimbo mkononi. Lakini kukunja si kupiga.