Kabla ya kuvusha gunia ziwani, anza na hati yako

MKULIMA wa Sibwesa anayetaka kuuza mchele wake ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huuliza kwanza bei ya Kalemie, kisha nauli ya boti. Swali la hati ya kusafiria huja mwisho, pengine magunia yakiwa yameshafika ufukweni.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mzigo unaosubiri mwenye mali atafute karatasi unahitaji mlinzi, turubai na mahali pa kulala. Na anayeamua kuvuka kwa njia za panya hujiweka pabaya zaidi. Mnunuzi akimdhulumu hana pa kushitaki, kwa kuwa yeye mwenyewe yuko nchi ya watu kinyume cha sheria.

Sibwesa ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, eneo lililokuwa chini ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012. Mkoa huo unalima mahindi, mpunga, karanga na ufuta. Njia yake ya ziwani ni Ikola na Karema, ambako Serikali imejenga bandari mpya ikilenga miji ya Kalemie na Moba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Upande wa kusini kuna soko la Mpulungu, Zambia. Kwa miongo mingi abiria wa huko walitegemea MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Katika meli hiyo moja, aliyeshuka Karema akitokea Kigoma hakuhitaji pasipoti, lakini jirani yake aliyeendelea hadi Mpulungu aliihitaji. Kinachodai hati ni mpaka, hata kama mpaka wenyewe uko majini na hauonekani.

Wapo wanaodhani kitambulisho cha taifa kinatosha kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sivyo. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho ulianzishwa mwaka 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda kwa ajili ya raia wao. Tanzania haikuwamo.

Mtanzania anahitaji pasipoti. Ile ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hulipiwa jumla ya Sh150,000 na hudumu miaka 10. Mwombaji anatakiwa kuwa na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi na maelezo ya safari yake. Kwa mtu wa kijijini, kazi kubwa ni vyeti hivyo kuliko hata ada. Jina likiandikwa kwa namna moja NIDA na kwa namna nyingine kwenye cheti, itabidi lisahihishwe kwanza.

Kwa nchi jirani ipo pia Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ni nafuu kuliko pasipoti. Kabla ya kuilipia, msafiri aulize Idara ya Uhamiaji inapokewa wapi na kwa muda gani.

Katavi ina jambo lake la pekee. Katika wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika yako makazi ya Mishamo, yenye familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972. Wengi walipewa uraia wa Tanzania, na ugawaji wa vyeti ulifanyika kuanzia mwaka 2014. Kwao cheti hicho ndicho mzizi wa pasipoti, hivyo kukipoteza ni kuanza upya. Aliyebaki mkimbizi hasafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Hati yake ni ile inayotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951.

Pasipoti ikishapatikana, Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida Zambia. Kwa Kongo, ni vema kuuliza masharti yaliyopo katika ofisi za ubalozi wake kabla ya kupanga safari. Aidha, Kongo hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Anayechanjwa leo na kupanda boti kesho amechelewa.

Hizo ni hati za mtu, na gunia nalo lina zake. Mazao yanahitaji kibali cha kusafirisha nje, cheti cha usafi wa mimea na taratibu za forodha za TRA. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, lakini mfanyabiashara ahakikishe kwanza kama kituo anachokwenda kinakipokea. Zambia haimo katika jumuiya hiyo, hivyo cheti hicho hakimsaidii huko.

Je, gharama hizi zinalipa? Tuchukue mfano wa mkulima mwenye magunia 60. Akiitoza safari moja pasipoti nzima, kila gunia litabeba Sh2,500. Akisafiri mara 10 kwa mzigo kama huo, itakuwa Sh250 kwa gunia. Mwenye magunia matano na safari moja atafanya vema kuungana na wenzake, wamchague mmoja mwenye pasipoti awauzie, na makubaliano yaandikwe.

Muda mzuri wa kushughulikia hati ni wakati mpunga ungali shambani. Mkulima akianza kwa mtendaji wa kijiji, NIDA na Uhamiaji mapema, siku ya mavuno atabaki na kazi ya kuangalia bei tu.