Mstari wa buluu unaompokea mgeni Berlin

Mkazi wa Kiamaiko, Nairobi, aliyezoea kupishana na mbuzi wanaopelekwa machinjioni, akifika Berlin katika mkesha wa mbio za marathoni hushangazwa kwanza na mstari wa buluu uliochorwa barabarani kuelekea Lango la Brandenburg.

Mstari huo si pambo. Huonyesha njia fupi kabisa ya kilomita 42.195, mwanariadha anayeuacha kwenye kona hujiongezea mita za bure.

Na mita hizo zina thamani. Mwaka 2003 jijini humo, Mkenya Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:04:55, akimshinda Mkenya mwenzake, Sammy Korir, kwa sekunde moja tu. Kwa kasi yao, sekunde hiyo ni kama mita 6: umbali wa kutoka duka moja hadi jingine kule Kiamaiko.