Chombo kiko kwenye kabo, lakini kompyuta inakikataa: shida iko wapi?

Mwanafunzi wa elektroniki ameunganisha chombo cha kupima na kompyuta yake. Asubuhi yote vipimo vimeingia vizuri. Saa nane umeme unakatika, kompyuta inabaki inatumika na batri. Umeme unaporudi, anafuta yote kwa neno clear na kuanza upya. Programu inakataa: inasema mlango haufunguki. Anabadilisha kabo, hakuna kitu. Anafikiri chombo kimeungua, na chombo kipya ni pesa nyingi.

Mara nyingi chombo ni kizima. Shida iko ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na kwenye programu ya MATLAB kuko neno moja la kuitafuta: instrfind.

Objekti ni kitu gani?

MATLAB ni programu ya hesabu na ya kazi za ufundi. Inatengenezwa na MathWorks, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1984. Vyuo vingi vya uinjinia duniani vinaitumia, pia kwa kuongoza vyombo vya kupima.

Lakini programu haishiki chombo chenyewe. Inatengeneza kwanza kitu ndani ya kumbukumbu, kinaitwa objekti. Objekti hiyo ndiyo inazungumza na chombo kupitia mlango wa kompyuta, kama COM3 kwenye Windows ao /dev/ttyUSB0 kwenye Linux. Tuseme ni kama mjumbe kati ya mwenye nyumba na mgeni wake.

Sheria ni moja: mlango mmoja, mjumbe mmoja. Kama mjumbe wa kwanza angali anaushika, wa pili hawezi kuingia.

Juu ya nini clear haisaidii?

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Kwa objekti za zamani, zile za aina ya serial, neno clear linafuta jina tu. Objekti yenyewe inabaki, na mlango unabaki wazi mikononi mwake. Ni kama kupoteza ufunguo wa nyumba wakati mtu angali amelala ndani: wewe uko nje, yeye iko ndani, na hamuwezi kuonana.

instrfind inarudisha ufunguo ule. Ukiliandika, programu inakuonyesha objekti zote za vyombo zinazobaki kwenye kumbukumbu: aina yake, hali yake kama iko wazi ao imefungwa, na jina lake. Kama hakuna hata moja, inarudisha mabano matupu.

Namna ya kufanya

Kwanza, tafuta ile ya mlango wako tu: x = instrfind('Port','COM3'). Pili, kama jibu si tupu, ifunge: fclose(x). Tatu, iondoe kwenye kumbukumbu: delete(x). Mwisho, futa jina: clear x. Kisha tengeneza objekti mpya na uendelee na kazi.

Wako wenye haraka wanaandika delete(instrfind) na kufuta zote mara moja. Hiyo inasaidia kama uko na chombo kimoja. Lakini kama kuko chombo kingine kinachoandika vipimo tangu asubuhi, nacho kinakatwa palepale. Vipimo vya saa ile havitarudi tena.

Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza: instrfind haiangalii kabo. Inaangalia kumbukumbu tu. Chombo kinaweza kuwa kimezimwa kabisa, na objekti yake bado inaonekana. Kujua milango ambayo kompyuta inaiona, matoleo ya tangu 2019 yana neno serialportlist. Kujua ni chombo gani kiko upande wa pili, vyombo vingi vya maabara vinajibu swali fupi *IDN? kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba yake na toleo la programu yake. Kadi ya Arduino haijibu swali hilo kama hukuifundisha.

La pili: instrfind inaona tu objekti za MATLAB ile uliyofungua. Kama mlango umeshikwa na programu ingine, tuseme ile ya kuandikia Arduino, haitakuonyesha kitu. Funga kwanza programu hiyo.

Matoleo mapya na njia ya bure

Tangu toleo R2019b kuko objekti mpya, serialport. Hiyo, ukifuta jina lake kwa clear na hakuna jina lingine linaloishika, mlango unafungwa wenyewe. MathWorks inashauri watu wahamie huko, na instrfind inakwenda kuondolewa. Lakini programu nyingi zinazopitishwa kutoka mwanafunzi kwa mwanafunzi ni za zamani, ndiyo maana neno hili bado linahitajika.

MATLAB inauzwa. Asiye na uwezo anaweza kutumia GNU Octave, programu ya bure inayofanana nayo sana. Iko na kifurushi cha vyombo kinachoitwa instrument-control. Maneno yote hayafanani, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza.

Hii si mambo ya maabara peke yake. Upande wetu huu, ambapo Nyiragongo ilitoka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, watu wanajua maana ya kupima ardhi, maji na hewa kila siku bila kukatika. Saa moja bila vipimo ni saa ambayo hakuna mtu ataijua tena.

Kwa hiyo, mbele ya kusema chombo kimekufa na kutafuta pesa za kingine, uliza kwanza kumbukumbu ya kompyuta: nani angali anashika mlango?