Kusoma dini chuo kikuu si lazima uwe padri wala shehe

MZAZI anayeuza vitenge mpakani akisikia mwanawe amechaguliwa kusoma dini chuo kikuu, huuliza: "Akimaliza atakuwa nani, padri au shehe?" Swali ni la haki. Ada inatoka kwenye mtaji, na mtaji ukiliwa haurudi kirahisi.

Tuanzie Makerere. Mwaka 1964 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, Kenya, alivuka mpaka kwenda kufundisha dini katika chuo hicho cha Uganda, akakaa miaka 10. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, lakini kilichompa jina ni utafiti wa imani za jadi, ambazo wageni wengi walikuwa wakiziita ushirikina tu. Alikusanya fikra kuhusu Mungu kutoka makabila zaidi ya 200 ya Afrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akidai kwamba fikra za jadi hazikuupa nafasi kubwa wakati ujao wa mbali. (Anayekopesha mali hadi mavuno huenda akabisha.)

Walibisha hata wasomi. Mwaka 1970 Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliwashutumu Mbiti na wenzake kwa kuingiza mawazo ya Kigiriki katika dini za Afrika, kwa magendo.

Darasa la dini liko hivyo: kazi yake ni kuhoji, mahubiri yana mahali pake. Humo mwanafunzi hujifunza kwa nini Mwislamu hukataa mkopo wa riba lakini hukubali benki inunue mali kwanza, kisha imuuzie kwa faida inayojulikana. Hujifunza kwa nini Msabato hufunga duka tangu machweo ya Ijumaa hadi ya Jumamosi. Waorthodoksi wa Ethiopia nao hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa, na wiki nyingi kabla ya Pasaka. Apelekaye trei za mayai kwao majira hayo bila kujua, zitamwozea.

Ajira, tuseme kweli, si nyingi. Wengi huishia ualimu, na mwalimu wa sekondari kwa kawaida huhitaji masomo mawili. Basi kabla ya kulipa ada, mzazi amuulize mwanawe: pamoja na dini, somo la pili ni lipi?