Iron Maiden: nyimbo zipi za zamani zipumzishwe jukwaani?

Bendi ikifikisha miaka 50, shida yake si kukosa nyimbo. Shida ni nyimbo kuwa nyingi kuliko muda. Hapo ndipo ilipo Iron Maiden ya Uingereza, bendi ya hevi metali, yaani muziki wa roki wenye magitaa mazito na ngoma za kasi. Ilianzishwa mashariki mwa London mwaka 1975 na mpiga gitaa la besi Steve Harris, na hadi mwaka 2021 ilikuwa imetoa albamu 17 za studio.

Mashabiki wake hawaishi kubishana: je, kuna nyimbo maarufu ambazo sasa ziachwe katika maonyesho? Katika makala haya tunaeleza kiini cha ubishi huo, kisha tunatoa maoni yetu.

Hesabu ya muda

Onyesho la Iron Maiden huchukua takriban saa 2, na nyimbo zao ni ndefu. "Rime of the Ancient Mariner" ya mwaka 1984 peke yake inazidi dakika 13. Kwa hiyo usiku mmoja hubeba nyimbo kama 15 tu. Kila wimbo unaopigwa miaka nenda, miaka rudi, unakalia nafasi ya mwingine.

Mfano mzuri ni "Alexander the Great". Ulirekodiwa mwaka 1986 na mashabiki wakauomba kwa muda mrefu, lakini haukupigwa jukwaani hadi mwaka 2023. Hiyo ni miaka 37 ya kusubiri. Ziara hiyo ya 2023 haikuwa na "Run to the Hills", "The Number of the Beast" wala "Hallowed Be Thy Name", zote za albamu ya mwaka 1982 iliyoipa bendi jina kubwa duniani. Hata hivyo ziara iliendelea hadi Desemba 2024.

Miili nayo inachoka

Mwimbaji Bruce Dickinson alizaliwa mwaka 1958 na alijiunga na bendi mwaka 1981. Mwaka 2015 alitibiwa saratani iliyokuwa nyuma ya ulimi, akapona, akarudi jukwaani. Mpiga ngoma Nicko McBrain alipata kiharusi Januari 2023. Alijikaza akamaliza ziara, kisha Desemba 2024 akastaafu safari za muziki akiwa na miaka 72.

Nyimbo walizozitunga wakiwa vijana zinadai pumzi na nguvu za vijana. Mashabiki wanaweza kushangilia kwa mazoea, lakini koo haliwezi kudanganywa.

Upande wa pili

Wapo wanaosema nyimbo hizo zisiguswe, na wana hoja. Fikiria kijana aliyedunduliza pesa mwaka mzima ili aione bendi hii kwa mara ya kwanza, na pengine ya mwisho. Kwake "Run to the Hills" haijachakaa hata kidogo. Anayelalamika kwamba ameuchoka ni yule aliyeingia ukumbini mara 10.

Sisi wa redio tunalijua jambo hili. Kipindi cha salamu na maombi kikifunguliwa, wengi huomba nyimbo zilezile. Ukiwanyima, wanaona umewasahau. Ukiwapigia hizo tu, nyimbo nyingine zinakufa bila kusikika.

Maoni yetu

Kwetu sisi, wa kwanza kupumzishwa ni "Run to the Hills". Wimbo huu unaosimulia vita kati ya wazungu na wenyeji wa Marekani ni mzuri, lakini kiitikio chake kinapanda juu sana, na mwimbaji anayekaribia miaka 70 asilazimishwe kukifikia kila usiku. Wa pili ni "The Number of the Beast". Upigwe ziara moja, ziara inayofuata ukae nje. Wa tatu ni "2 Minutes to Midnight" ya mwaka 1984, kwa sababu albamu hiyohiyo ina nyimbo nyingine zenye uzito.

Tungebakiza "Fear of the Dark" ya mwaka 1992, kwa kuwa hapo umati ndio unaoimba, hata sauti ya gitaa wanaifuatisha kwa midomo. Tungebakiza pia "Iron Maiden", wimbo unaobeba jina la bendi. Kwa miaka mingi huo ndio wimbo ambao Eddie, lile zimwi lao kubwa, hutokea jukwaani. Kuuondoa ni kama kufanya harusi bila bibi harusi.

Kupumzisha si kuzika. Bendi yenyewe imelionyesha hilo. Mei 2025 ilianza ziara ya kuadhimisha miaka 50 mjini Budapest, ikipiga nyimbo za albamu zake 9 za kwanza, za mwaka 1980 hadi 1992. Zile 3 zilizokuwa zimeachwa zikarudi, na aliyezikosa ziara iliyopita alikuwa na sababu ya kuzifurahia upya.

Nawe msikilizaji, je, bendi unayoipenda ina wimbo ambao ungependa upumzike kidogo? Tutumie ujumbe, tutausoma hewani.